Mwongozo kamili: jinsi ya kuweka chati ya udhibiti kwenye laini ya uzalishaji mpaka mbovu zipungue kweli

Swali linalorudi ni lile lile: chati ya udhibiti (grafu ya vipimo kadiri muda unavyokwenda, yenye mstari wa kati na vikomo vya juu na chini vinavyotokana na mashine yenyewe) ipo ukutani, opereta anajaza namba kila nusu saa, ila bidhaa mbovu hazipungui. Nikiomba picha ya hiyo chati nakuta mambo mawili yale yale. Mistari ya juu na ya chini iliyochorwa ni ile mipaka ya mteja, na pembeni kuna vimaandishi vya kalamu "nimeongeza kidogo", "nimepunguza kidogo", karibu kila saa. Hapo hakuna udhibiti wowote jamani, hapo kuna mtu anaifukuza mashine.

Kwa hiyo leo tunaenda hatua kwa hatua, historia tuiache. Mfano nitakaotumia ni laini inayojaza sabuni ya maji kwenye chupa, uzito unaokubalika ni kati ya 498 na 508 g, lengo ni 503 g. Kama wewe unakata shafti, unashona au unapiga vidonge, namba zako zitakuwa nyingine ila hatua ni hizi hizi.

## Andaa hivi kwanza

- Kifaa cha kupimia kinachosoma vizuri (kwenye mfano wetu ni mizani ya 0.1 g)
- Jiwe la uzito lililothibitishwa, la kukagulia mizani
- Fomu ya kuandikia, karatasi au Excel, yenye sehemu ya saa, shifti, jina la opereta, namba ya bechi na maoni
- Marker ya kuandika namba kwenye chupa
- Utepe au lebo nyekundu, na sehemu iliyofungwa ya kuwekea mzigo wenye mashaka
- Ruhusa ya maandishi kutoka kwa bosi kwamba opereta anaweza kusimamisha laini

Hiyo ya mwisho watu wanairuka. Kama opereta akisimamisha mashine anafokewa, usianze kabisa, maana atakuwa anakuandikia namba za kukufurahisha wewe.

## Hatua ya 1: Chagua kipimo kimoja tu

Usianze na chati kumi na mbili. Chukua daftari la malalamiko na la marejesho, angalia tatizo gani linakula mzigo mwingi, alafu tafuta kipimo kimoja kinachoendana nalo. Kwetu sisi ni uzito uliojazwa.

Pendelea kitu kinachopimika kwa namba kuliko "nzuri/mbaya". Chupa ya 498.3 g na ya 503 g zote ni "nzuri", lakini ya kwanza inakuambia mambo yanaharibika na ya pili inakuambia kaa utulie, sasa ukiandika tiki mbili umetupa habari yote.

Na kama bado unategemea kukagua mwishoni, fikiria hili: mzigo una mbovu 2%, unachukua chupa 20 kwa kubahatisha. Uwezekano wa kutoiona hata moja mbovu ni 0.98 kuzidishwa yenyewe mara 20, inakuja kama 0.67. Yaani mara 2 kati ya 3 utausaini mzigo huo kuwa safi. Ndo maana tunauangalia mchakato wenyewe unavyokwenda badala ya kusubiri mzigo ufike mlangoni.

Umefanikiwa kama: unaweza kusema kwa sentensi moja unapima nini, wapi kwenye laini, na kwa kifaa gani.

## Hatua ya 2: Kagua kifaa kabla ya kuikagua mashine

Kanuni ya kuanzia: kifaa kiweze kusoma angalau sehemu moja ya kumi ya upana wa mipaka. Upana wetu ni 10 g, kwa hiyo mizani isome 1 g au chini ya hapo. Mimi nasema tafuta ya 0.1, kwa sababu ukiwa na gramu nzima nzima chati yako itakuwa na ngazi ngazi na hutaona kitu.

Sasa fanya jaribio hili. Chukua chupa 10 zilizojaa, ziandike namba chini ambapo mpimaji hazioni kirahisi. Watu watatu, kila mmoja azipime zote mara mbili au tatu, mpangilio ukibadilishwa kila raundi, bila kuona majibu ya mwenzake. Kama chupa ile ile inaruka ruka kwenye mikono ya mtu mmoja, shida ni mizani au meza (feni, mtetemo, meza iliyopinda). Kama kila mtu yuko sawa na nafsi yake ila hawakubaliani, shida ni namna ya kupima, mmoja anapima na kifuniko mwingine bila.

Viwandani kipimo kinachotumika sana ni hiki: makosa ya upimaji yakiwa chini ya 10% ya mtawanyiko wote mko vizuri, kati ya 10 na 30 inategemea na kazi, juu ya 30 usitumie kifaa hicho kufanya maamuzi.

Tahadhari ya chupa tupu. Hii inawapiga wengi. Mnapima chupa iliyojaa alafu mnatoa uzito wa chupa "wa kawaida" ulioandikwa kwenye katalogi. Pima chupa tupu 10 uone. Zikitofautiana gramu 2 zenyewe kwa zenyewe, basi sehemu ya unachokichora ni plastiki. Dawa ni kuzipima tupu chupa za sampuli, uziandike uzito wake, uzirudishe kwenye laini zijazwe, kisha uzipime tena. Ndiyo, ni usumbufu. Fanya hivyo hivyo.

## Hatua ya 3: Panga sampuli (hapa ndo chati nyingi zinafia)

Chukua chupa 5 zinazofuatana, kila baada ya muda fulani. Kwanini zinazofuatana? Kwa sababu unataka ndani ya kundi kuwe na ule mtawanyiko mdogo wa kawaida tu, na mabadiliko ya muda yaonekane kati ya kundi na kundi. Ukiokota moja moja ndani ya saa nzima, mabadiliko yote yanajificha ndani ya kundi na chati inakuwa kipofu.

Sasa swali la nozeli (mdomo unaomimina sabuni kwenye chupa). Mashine ya nozeli 4 kwa kweli ni mashine 4 zilizofungwa pamoja. Tuseme nozeli namba 3 inajaza gramu 3 zaidi ya wenzake. Kila kundi lako litakuwa na chupa ya namba 3 ndani yake, tofauti kati ya kubwa na ndogo itakuwa kubwa muda wote, mipaka itapanuka, na nukta za wastani zitakumbatia mstari wa kati kama zimegandishwa na gundi. Watu wakiona hivyo wanafurahi, "angalia mchakato ulivyotulia". Hapana. Ukiona nukta 15 mfululizo zimejibana katikati bila kucheza kabisa, anza kuhisi kwamba umechanganya vyanzo kwenye kundi moja.

Dawa: kila nozeli iwe na kundi lake. Kama hiyo ni kazi kubwa mno, kwanza fanya jaribio la siku moja, chupa za kutosha kwa kila nozeli, ulinganishe wastani wao. Zikilingana endelea na kundi moja, zisipolingana mwite fundi azisawazishe kwanza.

Na kila baada ya muda gani? Jiulize kengele ikilia (yaani chati ikionyesha kuna kitu kimebadilika) uko tayari kuchambua chupa ngapi. Laini ya chupa 20 kwa dakika, ukipima kila nusu saa, kati ya kipimo na kipimo zimepita chupa 600. Kama 600 zinakutisha, pima kila dakika 15. Ni hesabu hiyo tu, usinakili ratiba ya kiwanda cha jirani.

## Hatua ya 4: Kusanya makundi 25 na USIGUSE MASHINE

Seti mashine vizuri, alafu kusanya makundi 25 ya chupa tano tano. Katika muda huu hakuna kurekebisha kwa sababu ya namba. Kikitokea kitu halisi (bomba limeziba, tangi limejazwa upya, bechi imebadilishwa, umeme umekatika) rekebisha na andika kwenye maoni saa ile ile, sio jioni kwa kumbukumbu.

Naelewa kwamba hii inauma. Opereta mzuri akiona 501.6 mkono unamwasha. Lakini hebu fuatilia kinachotokea: mchakato uliotulia unacheza juu na chini wenyewe. Chupa imetoka 501.6, ameongeza 1.4 kufikia 503, chupa inayofuata ilikuwa itoke 504.5 kwa bahati tu, sasa inatoka 505.9, anapunguza 2.9, na mchezo unaendelea hivyo shifti nzima. Kihesabu, ukirekebisha kila chupa kwa kiasi chote ilichokosea lengo, unachanganya mchezo wa chupa mbili, na mtawanyiko unapanda kwa takriban 41%. Opereta amechoka, amefanya kazi kwa bidii, na mbovu zimeongezeka kwa sababu ya bidii yake.

Kama kuna hatari ya kupeleka mbovu sokoni katika kipindi hiki, kagua kila chupa kwa muda, ila usiguse seti.

Umefanikiwa kama: una namba 125, na safu ya maoni ina maandishi ya kweli. Safu ya maoni ikiwa tupu kabisa, hizo data sina imani nazo.

## Hatua ya 5: Piga hesabu

Kwa kila kundi unahitaji vitu viwili, wastani na mtawanyiko (kubwa kutoa ndogo, tuuite R). Mfano kundi moja: 503.4, 501.6, 505.2, 502.3, 503.8. Wastani ni 503.26, R ni 505.2 − 501.6 = 3.6.

Kwenye Excel, namba zikiwa B2 mpaka F2:

- wastani: =AVERAGE(B2:F2)
- R: =MAX(B2:F2)-MIN(B2:F2)

Kisha tafuta wastani wa wastani zote 25, na wastani wa R zote 25. Tuseme tumepata 503.2 na 3.4. Kwa kundi la chupa tano, namba za kudumu ni 0.577 kwa chati ya wastani na 2.114 kwa chati ya R. Ukibadilisha ukubwa wa kundi zinabadilika nazo, kwa hiyo usizitumie kwa kundi la 4.

- Kikomo cha juu cha wastani: 503.2 + (0.577 × 3.4) = 505.16
- Kikomo cha chini cha wastani: 503.2 − (0.577 × 3.4) = 501.24
- Kikomo cha juu cha R: 2.114 × 3.4 = 7.19
- Kikomo cha chini cha R: 0

Kagua chati ya R kwanza. R ikiwa imevurugika, mipaka ya wastani haina maana kwa sababu imezaliwa na hiyo hiyo R. Nukta iliyotoka nje na ina sababu iliyoandikwa kwenye maoni, iondoe na upige hesabu upya. Isiyo na sababu iache, usifute data kwa sababu haipendezi.

Tahadhari mbili. Kwanza, usichukue namba zote 125 ukapiga STDEV (fomula ya Excel ya mkengeuko wa kawaida) moja ya jumla ukatumia hiyo kuchora mipaka. Kama mchakato ulihama katikati, mhamo huo unaingia kwenye hesabu na mipaka inapanuka kuufunika. Pili, 498 na 508 haziingii kwenye chati hii kabisa. Hizo ni za chupa moja moja na zimetoka kwa mteja, wakati 501.24 na 505.16 ni za wastani wa chupa tano na zimetoka kwa mashine. Ukichanganya, opereta atapima chupa moja, ataona 506, ataogopa bure, wakati chupa moja moja kwenye mchakato huu inaweza kwenda kutoka kama 498.8 hadi 507.6 bila tatizo lolote jipya.

Kama kitu chako hakipimiki kwa namba (mikwaruzo, lebo iliyopinda) tumia chati ya asilimia ya mbovu. Kipeuo cha pili cha [p × (1 − p) ÷ n] (p ni sehemu ya mbovu za kawaida, n ni idadi ya vipande unavyokagua), zidisha kwa 3, jumlisha na p kupata kikomo cha juu, toa kwenye p kupata cha chini. Mbovu za kawaida zikiwa 2% na unakagua vipande 200, kikomo cha juu ni karibu 5%, cha chini kinakuja hasi kwa hiyo weka sifuri. Inahitaji sampuli kubwa, ndo bei yake.

## Hatua ya 6: Soma chati

Tumia kanuni tatu tu kwa kuanzia:

1. Nukta moja nje ya kikomo
2. Nukta 8 mfululizo upande mmoja wa mstari wa kati
3. Nukta 6 mfululizo zinapanda tu au zinashuka tu

Kuna kanuni nyingine nyingi na programu zitakupa kitufe cha kuziwasha zote. Usiwashe. Kila kanuni inaongeza kengele za uongo. Hiyo ya kwanza peke yake, mchakato ukiwa umetulia kabisa, inalia bure takriban mara 1 kwa kila nukta 370, ukirundika nane utakuwa unakimbizana na hewa na baada ya wiki mbili hakuna anayejali kengele.

Ila ujue pia chati sio mchawi. Wastani ukihama kwa kiasi kinacholingana na sigma moja (kipimo cha mtawanyiko wa chupa moja moja, hesabu yake ipo Hatua ya 8, kwetu kama 1.5 g), uwezekano wa nukta inayofuata kutoka nje ni kama 22% tu, yaani kwa wastani utaigundua baada ya nukta 4 au 5. Kanuni ya 2 na ya 3 zipo kwa ajili ya mihamo hiyo midogo.

Jifunze maumbo ya mashine yako. Kwenye kujaza kwa mserereko (sabuni inashuka yenyewe kutoka tangini), tangi likipungua presha inashuka na uzito unashuka polepole, tangi likijazwa unaruka juu ghafla, chati inakuwa na meno ya msumeno. Sabuni ikiwa ya baridi inakuwa nzito, inapita taratibu, shifti ya alfajiri inajaza pungufu kuliko ya mchana. Sili (mpira wa kuzuia kuvuja) iliyoisha inaonekana mapema kwenye R kuliko kwenye wastani. Ukishayajua haya, kuitazama chati tu kunakuonyesha umtume fundi wapi.

## Hatua ya 7: Andika kadi ya "kengele ikilia"

Bila kadi hii kila hatua ya nyuma ni mapambo. Karatasi moja, imebandikwa pembeni ya chati, kwa maneno ya opereta mwenyewe:

- Pima tena kwa kundi jipya na ukague mizani kwa jiwe. Hii ni kuthibitisha kipimo tu, ile nukta ya kwanza usiifute hata kundi jipya likitoka zuri.
- Simamisha laini. Weka lebo nyekundu kwa kila kitu kilichotoka tangu kipimo kizuri cha mwisho, sio tangu kengele ilipolia.
- Angalia kwa mpangilio: kiwango cha tangi, hewa kwenye bomba, joto la sabuni, nozeli, sili.
- Ukipata sababu, rekebisha, andika, pima makundi mawili kabla ya kuachia laini.
- Hujapata ndani ya dakika 15, mwite supavaiza. Usicheze na seti kwa kubahatisha.

Mzigo uliotengwa uchambuliwe chupa kwa chupa dhidi ya 498 na 508. Mara nyingi utakuta zote zinafaa, na hiyo ndo raha yenyewe, umekamata tatizo kabla halijawa mbovu. Msimwambie opereta "umetusimamishia kazi bure".

## Hatua ya 8: Sasa ndo ulinganishe na mteja

Mchakato ukishatulia, gawa wastani wa R kwa 2.326 (namba ya kudumu ya kundi la chupa tano): 3.4 ÷ 2.326 = 1.46. Hiyo ndo sigma. Kisha pima umbali wa kila mpaka wa mteja:

- juu: (508 − 503.2) ÷ (3 × 1.46) = 1.10
- chini: (503.2 − 498) ÷ (3 × 1.46) = 1.19

Chukua ndogo, 1.10, hiyo inaitwa Cpk, yaani kipimo cha jinsi mchakato unavyoenea ndani ya mipaka ya mteja. Wateja wengi wa viwandani wanataka 1.33 kwenda juu. Ona sasa: hata ukirudisha wastani katikati kabisa, 503.0, unapata 1.14 tu. Kwa hiyo hapa kuseti hakutatusaidia, lazima mtawanyiko wenyewe upungue, wastani wa R utoke 3.4 ufike kama 2.9. Hiyo ni kazi ya fundi na ya menejimenti (kudhibiti kiwango cha tangi, kubadilisha sili kwa ratiba, kusawazisha nozeli), na opereta asilaumiwe kwa kitu ambacho seti yake haiwezi kukifikia.

Mchakato usiotulia usiupigie Cpk. Utapata namba, ila kesho itakuwa nyingine.

## Hatua ya 9: Funga mlango wa kosa, kisha chora mipaka mipya

Sababu ileile ikijirudia kwenye safu ya maoni, acha kuandika "opereta amekumbushwa". Weka kitu kinachozuia: floti (boya) inayolinda kiwango cha tangi, sensa inayokataa kujaza kama chupa haipo, kishikio ambacho kifaa kinaingia upande mmoja tu. Na kila shifti ikianza, kijaribu hicho kizuizi kwa chupa mbovu ya makusudi uliyoiwekea alama, maana sensa iliyokufa kimya inawapa watu usingizi mbaya.

Mipaka ya chati ipigiwe hesabu upya pale tu ambapo umebadilisha kitu kwa makusudi, unajua ni nini, na nukta zinaonyesha kweli imehama na imekaa. Kusanya makundi 25 mengine, chora, andika tarehe na sababu juu ya karatasi. Karatasi ya zamani itunze kwenye faili la mashine hiyo, siku fundi mpya akiuliza kwanini kuna floti pale ndani utamfungulia hiyo.